Mzee aliyeniuliza wino uko wapi

Barua ya Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, niliyoitundika ukutani ilikaa pale miaka miwili kabla ya mzee mmoja kuniambia kwamba sina barua, nina picha ya barua.

Mzee huyo alikuwa amestaafu kazi ya uchapaji. Alikuja kwangu kwa shughuli nyingine kabisa, akaiona ile fremu, nami nikanyamaza nikimsubiri asifie, maana kila mgeni alikuwa akisifia. Yeye akaomba niishushe. Akaitoa kwenye fremu taratibu, akaiinamisha kuelekea dirishani mpaka mwanga ukapita juu ya karatasi kwa ubavu. Akakaa kimya kitambo.

“Mwanangu, hii umeinunua?”

“Ndiyo, mzee.”

“Wino uko wapi?”

Sikumwelewa. Saini ilikuwa pale pale chini, nyeusi, na ule mstari mrefu maarufu unaoanzia kwenye herufi T na kulifunika jina lote kama mwavuli. Akatoa lenzi ndogo ya kukuzia kwenye mfuko wa shati (nadhani hakuwahi kutoka nyumbani bila hiyo lenzi) akanipa. Nilipoinama kutazama, ule mwavuli ukavunjika ukawa vitone. Vitone vyeusi vidogo sana vilivyopangwa kwa safu kama askari wa gwaride. Akanieleza kwamba wino wa kalamu hauna tabia hiyo. Hujaa pale mkono ulipokandamiza, hukonda pale mkono ulipokwenda mbio, huzama kwenye nyuzi za karatasi, na mistari miwili inapokatana mara nyingi panakuwa peusi zaidi. Saini yangu haikuwa na unene wala wembamba. Ilikuwa imechapwa kwa mashine, pamoja na barua yenyewe, pamoja na hata doa la kutu la pini iliyobana karatasi ya asili.

Nilitamani ardhi ipasuke. Baadaye nilirudi kusoma maelezo ya muuzaji nikidhani nitamkuta na uongo. Hakuwa nao. Aliandika kwamba ni barua “yenye saini ya Edison”, na kweli saini ilikuwamo. Neno “halisi” nililiweka mimi mwenyewe kichwani.

Kilichoniuma zaidi ni pale nilipoanza kusoma na kugundua kwamba wavumbuzi ambao saini zao nilikuwa nazikusanya ndio walioniharibia kazi. Mwaka 1876 Edison alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, ya kalamu ya umeme: mota ndogo imekaa juu ya kalamu, inapandisha na kushusha sindano, na mwandishi anapoandika, karatasi inatobolewa matundu madogo yasiyohesabika. Karatasi hiyo inageuka kiolezo, unapitisha rola yenye wino, unapata nakala kadiri unavyotaka. Kutokana na kazi hiyo ikaja mimeografu, iliyoingizwa sokoni na A. B. Dick mwaka 1887. Aliyewahi kufanya mtihani uliotolewa kwa stensili ameshika mjukuu wa kalamu ile. Karibu miaka mia moja kabla yake, mwaka 1780, James Watt, yule yule wa injini ya mvuke, alipata hataza ya kunakili barua kwa kushindilia: unaweka karatasi nyembamba yenye unyevu juu ya barua ambayo wino wake bado mbichi, unaibana, wino unahamia. Nakala inatoka kinyume, lakini kwa sababu karatasi ni nyembamba unaisomea upande wa pili. Ofisi nyingi ziliendelea kutumia njia hiyo mpaka karne ya 20. Ukikutana na barua ya karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, maandishi yake yamechuja kidogo kingo, hiyo ni nakala aliyobaki nayo mwandishi. Wino ni wake kweli, ila barua yenyewe ilikwenda kwingine.

Halafu kuna ile mashine ya kalamu mbili zilizounganishwa kwa fito, ambayo John Isaac Hawkins aliipatia hataza mwaka 1803 na Thomas Jefferson, rais wa Marekani, akaitumia kwa miaka mingi. Anaandika kwa kalamu moja, ya pili inamfuata. Zote mbili ni wino, zote mbili ni mkono wake. Ipi ya asili? Sijawahi kupata jibu linaloniridhisha, na nimeacha kulitafuta.

Baada ya aibu ile niliamua nisinunue kitu chochote kwa muda, nitazame tu. Huo ndio uamuzi pekee wa kipindi kile ninaojivunia. Hazina kubwa ya makaratasi ya Edison iko West Orange, New Jersey, ilipokuwa maabara yake, na inakadiriwa kuwa na kurasa milioni 5. Mradi wa Chuo Kikuu cha Rutgers umeweka sehemu ya kurasa hizo kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuzifungua bure. Za Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, zipo Maktaba ya Bunge la Marekani, nazo nyingi zinasomeka mtandaoni. Nikawa kila usiku nafungua barua, natazama saini, naenda mwaka unaofuata. Ukifanya hivyo miezi kadhaa jicho linaanza kujua mambo ambayo mdomo hauwezi kueleza. Edison alikuwa mpiga simu za telegrafu ujanani, na mwandiko wake ulio wima, wenye herufi zilizoachana, ni mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika upesi kile anachokisikia kwenye waya bila kukosea neno.

Nikagundua pia kitu ambacho kilinigeuza kabisa. Edison alikuwa na tabia ya kujibu barua pembeni mwa barua yenyewe. Mtu anamwandikia kuomba ushauri au pesa, yeye anachukua penseli, anakwaruza maneno machache ukingoni, karani anakwenda kuyageuza kuwa jibu la adabu lililopigwa taipu. Sasa niambie ipi ni barua ya Edison: ile nadhifu iliyotungwa na karani, ambayo wakati mwingine hata saini si ya bosi, au ile ya mtu asiyejulikana yenye mikwaruzo ya penseli pembeni? Wakusanyaji wachanga wanakimbilia ya kwanza. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kwenye hataza nako nilikuwa naelekea kuingizwa mjini kwa mara ya pili. Nilidhani kilele cha ukusanyaji ni kupata hati ya hataza yenye saini ya mvumbuzi. Hati yenyewe aliyokabidhiwa mvumbuzi, ile yenye utepe na lakiri, haina saini yake. Ina saini za maofisa waliomkabidhi. Za mwanzo kabisa zilisainiwa na rais: ya kwanza ya Marekani, ya tarehe 31 Julai 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa njia ya kutengeneza potashi, na aliyetia saini ni George Washington. Ukitaka saini ya mvumbuzi kwenye karne ya 19, itafute kwenye mikataba ya kuuza au kuhamisha haki ya hataza, kwenye maombi, kwenye stakabadhi. Na hapo ndipo mtego ulipo. Ile michoro ya hataza iliyochapwa mara nyingi ina majina ya mvumbuzi na mashahidi wawili chini, kwa mwandiko wa mkono. Ni sehemu ya mchoro, imechapwa nao. Nimeona mara nyingi ikiuzwa kama “hataza iliyosainiwa”, na sidhani kila anayeiuza ni tapeli. Wengine ni kama mimi, bado hawajakutana na mzee mwenye lenzi.

Nikijisikia mjinga huwa namkumbuka Michel Chasles. Huyu hakuwa mtu wa mtaani. Alikuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, mjumbe wa Chuo cha Sayansi cha Paris. Katika miaka ya 1860 alinunua kutoka kwa Denis Vrain-Lucas zaidi ya karatasi 27,000 za kughushi. Zilikuwamo barua za Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa, zilizodai kwamba Pascal aligundua sheria ya uvutano kabla ya Newton, jambo lililompendeza sana Mfaransa yeyote wa zama zile. Akaendelea mpaka akanunua barua za Kleopatra, malkia wa Misri ya kale. Zimeandikwa kwa Kifaransa! Lucas alifungwa miaka miwili mwaka 1870. Namtazama Chasles kwa huruma kwa sababu naijua njia aliyopita. Hakudanganywa na mwandiko. Alipewa kile alichokuwa akikitamani, akaacha kuuliza. Hata mimi barua yangu ya Edison niliinunua kwa sababu ilisema jambo zuri kuhusu juhudi, lenye ladha ya nukuu. Barua halisi za wavumbuzi mara nyingi hazina nukuu. Zinauliza vyuma vimefika lini, zinalalamikia mwanasheria, zinaomba radhi kwa kuchelewa kulipa.

Nikaanza basi kuwatumia wavumbuzi kuwakagua wavumbuzi wenzao, na huu mchezo ninaupenda mpaka leo. Siku moja nililetewa picha ya Guglielmo Marconi, yule wa redio, iliyosainiwa, nzuri mno, fremu ya zamani, vumbi la zamani. Chini ya lenzi mstari wa saini ulikuwa na mfereji mdogo katikati, na wino wake ulikuwa mzito kama grisi, umeruka hapa, umejikusanya pale kwenye kona. Hiyo ni bolpeni. Marconi alifariki Julai 1937. László Bíró wa Hungaria aliomba hataza ya kalamu ile Uingereza mwaka 1938, na zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Nikamrudishia mwenye nayo bila kubishana. Alinitazama kama mtu aliyeonewa, na inawezekana kweli alikuwa ameonewa na aliyemuuzia.

Taipureta nayo husema. Zile za kwanza za mvumbuzi Sholes, zilizotengenezwa na kampuni ya Remington na kuingia sokoni mwaka 1874, zilikuwa na herufi kubwa tupu. Herufi ndogo zilikuja na Remington ya pili, mwaka 1878. Barua yenye tarehe ya 1875 iliyopigwa taipu kwa herufi kubwa na ndogo ina maswali ya kujibu. Na karatasi za tangu miaka ya 1950 hivi mara nyingi zina dawa ya kuzing’arisha, kwa hiyo ukizimulika na ile taa ya zambarau wanayokagulia noti zinawaka weupe wa buluu. Karatasi ya Bell inayowaka hivyo imezaliwa Bell akiwa kaburini zaidi ya miaka 20. Kutowaka hakumsafishi mtu, lakini. Waghushaji nao hutafuta karatasi kuukuu, hukata kurasa tupu za mwanzo kwenye vitabu vya zamani.

Hata wakubwa huanguka. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kinatunza karatasi iliyosemekana kuwa ya Galileo, mtazama nyota wa Italia: juu rasimu ya barua ya 1609 kuhusu darubini, chini maelezo ya miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupita) aliyoiona mwaka 1610. Ilikuwa moja ya vito vya maktaba yao. Mwaka 2022 wakatangaza wenyewe kwamba ni ya kughushi. Kilichoisaliti ni alama ya maji ndani ya karatasi, herufi ambazo unaziona tu ukiinua karatasi kwenye mwanga: karatasi zenye alama hiyo hazijulikani kabla ya karne ya 18. Niliposoma habari ile nilifurahi kidogo, nakiri. Kisha nikawaheshimu, kwa sababu mimi nilipojua ukweli kuhusu Edison wangu niliificha ile fremu chini ya kitanda. Wao walisema hadharani.

Kuna jambo jingine ambalo lenzi haiwezi kukuonyesha, nalo ni karatasi halisi isiyopaswa kuuzwa. Faili la hataza ya ndege ya ndugu wawili wa Wright, hataza namba 821,393 ya mwaka 1906, lilionekana mara ya mwisho mwaka 1980 kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, kisha likapotea. Kwa miaka 36 halikuonekana. Likapatikana mwaka 2016 kwenye ghala lililo ndani ya pango la mawe ya chokaa huko Lenexa, Kansas, limewekwa kwenye boksi lisilo lake. Halikuwa limeibwa. Lakini fikiria miaka yote ile, kama mtu angemfuata mkusanyaji na karatasi moja ya faili lile, ingepita ukaguzi wote: wino sawa, karatasi sawa, mwandiko sawa.

Mimi nilifuatwa na kitu cha namna hiyo, kidogo zaidi. Barua ya mvumbuzi mmoja wa mambo ya umeme, safi, ila kona ya juu ilikuwa imesuguliwa mpaka karatasi imekuwa laini kama pamba. Nilipoimulika kwa ubavu nikaona mduara, kivuli cha muhuri. Nikamuuliza mwenyewe imetoka wapi. Akasema kwa babu. Babu aliipata wapi? Hapo sauti ikabadilika, akaanza kuniambia kuna mtu mwingine anaisubiri na nisipoamua leo nitaikosa. Nilitetemeka, sitasema uongo. Mkono ulikuwa tayari kwenye pochi. Nilimwambia sitaki. Nikaandikia taasisi niliyodhani muhuri ule ni wao, nikawaeleza nilichokiona, nao wakashukuru kwa mistari miwili. Sikusikia tena habari zake. Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa muuzaji halihusu saini. Namuuliza karatasi imepita mikono ya nani, nikitaka kuusikia ukoo wake wote, na asiyeujua simlaumu, ila sinunui.

Hasara kubwa zaidi niliyopata, hata hivyo, hakuna aliyenitapeli. Nilipata hati ya hisa ya moja ya kampuni za Edison, ina saini yake ya kweli, imefutwa kwa matundu kama zilivyokuwa zikifutwa hati za hisa zilizokwisha kuhamishwa. Nikaipeleka kwa fundi fremu, nikaitundika mkabala na dirisha ili wageni waione vizuri. Safari hii sikuwa na wasiwasi na mtu yeyote mwenye lenzi. Baada ya muda nikaona mwavuli wa Edison umepauka. Ulikuwa karibu mweusi, sasa kahawia hafifu, na pale mkono ulipokwenda mbio hakuna kilichobaki ila mchubuko. Jua lilikuwa linaila kidogo kidogo kila asubuhi, mimi nikinywa maji mbele yake. Majumba ya makumbusho huweka karatasi kama hizo kwenye mwanga hafifu wa kama laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), tena kwa muda maalumu. Mimi niliipa jua la saa mbili. Fundi naye aliibandika nyuma kwa gamu ya selotepu, ambayo imepenya mpaka mbele na kuacha baka la njano lisilotoka.

Sasa zote ziko gizani, ndani ya mifuko ya poliesta, kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi, zimelala. Nikiandika maelezo naandika kwa penseli, tena kwenye bahasha, si kwenye hati. Glavu sivai, glavu za pamba zinakunyima hisia za vidole na karatasi kuukuu inachanika upesi. Naosha mikono, naikausha, basi.

Ninayoipenda kuliko zote kwenye boksi lile ni hundi ya Orville Wright, mmoja wa wale ndugu wawili wa ndege. Saini ya Wilbur, kaka yake, ni adimu, kwa sababu homa ya matumbo ilimchukua mwaka 1912 akiwa na miaka 45, wakati Orville aliishi mpaka Januari 1948 akilipa bili zake kama mtu yeyote. Hundi haina mvuto. Hakuna picha ya ndege, hakuna neno juu ya Kitty Hawk, walikorushia ndege yao ya kwanza. Ni mtu amelipa alichodaiwa. Benki imeitoboa matundu ya kuonyesha imelipwa, na tundu moja limeigusa herufi ya mwisho ya jina. Ndiyo maana nilipoiona nilitulia. Tundu linapitia kwenye wino uliokwisha kukauka, kingo zake zimesinyaa na kushika uchafu wa miaka ile ile, na karatasi ina mkunjo mmoja wa mtu aliyeitia mfukoni kwenda benki.

Niliipeleka kwa yule mzee. Macho yake sasa yamepungua, lenzi ameibadilisha kwa kubwa zaidi, ya kushika kwa mikono miwili. Aliiinamisha kuelekea dirishani kama siku ile. Akapitisha kidole gumba juu ya matundu, akatikisa kichwa kukubali, nami nikapumua. Kisha akaigeuza.

Nyuma ya hundi kuna saini nyingine, ya aliyelipwa. Mwandiko wa haraka, herufi zimelaliana. Sikuwahi kuitazama hata mara moja.

“Na huyu ni nani?” akauliza.

Nikamwambia sijui.

“Tafuta.”

Jina la kwanza nimelisoma. La pili nimefika herufi ya tatu, na sina hakika kama ni *n* au *u*.